Moshi Mweusi wa Gari la Mikate

Kila asubuhi Mzee Klachi alipakia makreti ya mikate hadi yakagusa paa la gari, kisha akasukuma mlango kwa goti. Kitasa kilivunjika zamani, na wakubwa wa kiwanda walisema wataliangalia jambo hilo. Wakubwa ni hodari wa kuangalia. Kutengeneza ndiko hawakujui. Mkewe alikufa hospitalini akisubiri saini ya wakubwa wa namna hiyo. Tangu siku ile mzee hakuwa na neno tamu kwa mtu yeyote mwenye kiti cha kuzunguka.

Jumatatu moja, meneja wa usafiri alimsimamisha uwanjani mbele ya wapakiaji.

"Mzee, petroli ya wiki nzima inaisha siku ya nne. Unaipeleka wapi?"

"Liulize gari, bosi. Linatoa moshi mweusi tii. Nimesema mara tatu, umenisikiliza lini?"

"Gari haliibi. Watu ndio wanaoiba. Ijumaa ulete maelezo ya maana, la sivyo uache ufunguo mezani."

Wapakiaji wakainamisha macho. Miaka kumi na tisa kwenye usukani, leo anaitwa mwizi!

Jioni alifika nyumbani amefura. Binti yake alimwekea chakula, hakukigusa.

"Baba, hasira haitengenezi gari. Nenda kwa Mama Spana."

"Siendi kumlilia mtu."

"Basi Jumamosi tutapika hizo hasira, tule."

Mzee akaguna, akatoka kwenda kumwita.

Mama Spana alikuwa jirani yao, fundi wa magari. Alikuja kesho yake asubuhi na mapema, gari likiwa bado uani na injini baridi. Alipofungua mlango wa dereva, akaona kipande cha utepe mweusi kwenye dashibodi.

"Na hii ni plasta ya kidonda gani?"

"Taa ya injini. Ilikuwa haizimiki. Meneja akaamuru magari yote yabandikwe utepe, eti taa inatupa visingizio."

"Lo! Mtoto akilia mnamziba mdomo, halafu mnasema amepona?"

Akabandua utepe. Akalala chini ya gari, akamulika kwa tochi.

"Baba, njoo uone. Hiki kidude kilichochomekwa kwenye bomba la moshi kinaitwa sensa ya oksijeni. Unajua kazi yake?"

"Ningejua ningekuita?"

"Sikiliza basi. Umewahi kutumia jiko la mafuta ya taa. Likikosa hewa linafanyaje?"

"Linatoa masizi. Sufuria linakuwa jeusi."

"Injini ni hivyo hivyo. Petroli haiungui bila hewa, na ndani ya hewa kinachounguza ni oksijeni. Petroli ikizidi, oksijeni yote inaliwa. Petroli ikipungua, oksijeni inabaki na kutoka na moshi. Sensa inapima hiyo iliyobaki, kisha inapeleka umeme mdogo kwenye kompyuta ya gari. Umeme ukipanda, maana yake petroli imezidi. Kompyuta inapunguza. Umeme ukishuka, maana yake petroli ni kidogo. Kompyuta inaongeza. Zinafanya hivyo muda wote unapoendesha."

"Basi sensa imekufa."

"Usiizike kabla ya kuipima. Wengi hukimbilia kununua mpya, na ugonjwa unabaki pale pale."

Akaziba mwisho wa bomba kwa tambara. Akapaka maji ya sabuni kwenye bomba, akamwambia mzee awashe injini kidogo. Karibu na injini, kabla ya kufika kwenye sensa, povu likachemka.

"Zima! Umeona? Bomba lina ufa. Moshi unatoka kwa kupigapiga, na kila ukipumzika, hewa ya nje inaingia hapo. Sensa inaona oksijeni nyingi, inatoa taarifa. Kompyuta inadhani petroli ni kidogo, inamwaga nyingine. Ndiyo moshi mweusi. Ndiyo petroli yako."

Mzee akagusa ufa. Vidole vikatoka na kutu nyekundu.

"Huu si wa jana," alisema polepole.

"Wa jana? Umepita mwaka. Na taa ilikuwa inawaambia."

"Sasa nifanye nini? Gari si langu."

"Na ufa si wako, baba, lakini wamekutwisha."

Mama Spana akalichomelea bomba, akasafisha plagi zilizojaa masizi. Injini ilipopata moto, akaipima sensa. Mshale wa kipimo ukapanda, ukashuka, ukapanda tena. Ilikuwa nzima. Akaifuta hitilafu kwenye kompyuta, na taa ikazimika.

Ijumaa mzee aliingia uwanjani bila moshi. Mshale wa petroli, ambao siku kama hiyo huwa umelala chini kabisa, ulisimama juu ya robo. Aliwaeleza wapakiaji kila kitu, kwa sauti kubwa. Wawili wao wakaenda moja kwa moja kwenye magari mengine, wakaanza kubandua utepe. Hawakungoja amri. Taa tatu zilikuwa zinawaka.

Meneja alitoka ofisini, akaangalia mshale, akakohoa.

"Haya, mzee. Yamekwisha. Rudi kazini."

"Hayajaisha. Uliniita mwizi mbele ya hawa."

Meneja akawageukia wapakiaji. "Mzee hakuiba," alisema, kama mtu anayetema mchanga.

"Vizuri. Ufa ule umepita mwaka. Mimi gari hili nina miezi mitano nalo. Aliyekuwa nalo kabla yangu ulimfukuza kwa nini?"

Wote walijua. Alifukuzwa kwa petroli.

Mzee Klachi akaweka ufunguo juu ya kreti.

"Nitauchukua ukishamwandikia barua ya kumrudisha. Mikate inapoa."

Meneja alimtazama, akawatazama wapakiaji. Hakuna aliyeinamisha macho. Akaomba karatasi, akaiweka juu ya boneti, akaanza kuandika.

"Anza na jina lake," mzee alisema. "Lote."