Mkono wa Nyangwine

Kitendawili, wanangu! Nyumba yangu moja, nusu imelala, nusu iko macho. Msihangaike kunipa mji. Jibu litakuja lenyewe.

Asubuhi ile kule Itiryo jua lilikuwa bado changa. Veronika alikuwa uani anapepeta ulezi. Mumewe, mzee Nyangwine, alikaa kwenye kigoda akichonga mpini wa jembe. Mipini yake ilisifika mpaka Nyarero. Ukilima nayo kutwa, kiganja hakitoki malengelenge.

"Veronika, makapi yote unanimwagia mimi!"

"Si uhame? Mwanaume mzima unaogopa makapi!"

Kitu kikaanguka, pu! Veronika alipogeuka, tezo lilikuwa chini. Mdomo wa mzee umepinda, mkono wa kulia unaning'inia, maneno yanamtoka kama mtu mwenye ugali wa moto kinywani.

Majirani wakasema karogwa, katupiwa kitu. Godwin, mtoto wao wa kwanza, hakuwasikiliza. Alitafuta gari, wakamkimbiza hospitali. Hapo walifanya vema, tusiwanyime sifa.

Daktari akawaeleza: "Ni kiharusi. Kuna cha mshipa wa damu kichwani kuziba, na kuna cha mshipa kupasuka. Wa mzee umeziba, upande wa kushoto wa ubongo. Ndiyo maana mwili umelala kulia, na kauli imekwama."

Kisha akaja Lilian, binti wa mazoezi ya viungo. "Mama, ubongo unaweza kujifunza upya, kama mtoto. Mkono huu mnyoosheni taratibu kila siku. Msimnyanyue kwa kuuvuta. Na kijiko ajaribu kushika mwenyewe, hata akimwaga."

"Nimesikia, mwanangu."

Alisikia kweli. Lakini nyumbani kulikuwa na wake za watoto, na sisi watu wa Itiryo mnatujua: mkwe na baba mkwe hukwepana, wanaoneana haya.

"Mama," Godwin akasema, "baba atambae uani na uji kidevuni, wake zetu wanamwona? Mzee wa boma? Hapana. Akae ndani, tumhudumie."

Moyo wa Veronika ulikataa, lakini akamtii mwanawe. Akafunga mlango. Akamlisha, akamgeuza. Nyangwine alisukuma kijiko kwa mkono wa kushoto, akaonyesha mlangoni.

"Tulia, Baba Godwin, pumzika."

Wakimwinua waliuvuta mkono uleule waliokatazwa, naye akaguna kwa maumivu. Nao waliona wanampenda!

Mvua zikaja, zikaenda. Waliporudi kliniki, Lilian alishika ule mkono. Vidole vilikuwa vimejikunja kama ukucha wa kuku, bega limekaza.

"Mama, mkono huu uliondoka hapa laini."

"Tulimheshimu, mwanangu."

"Mlimfungia, mama."

Siku hiyohiyo Veronika akafungua mlango. Alimwita Elieth, mke wa Godwin, akamweleza kwa aibu. Binti yule akainamisha kichwa.

"Mama, mngetuambia tu. Baba akitoka nje kufanya mazoezi, sisi tungeenda nyuma ya nyumba kuchuma mboga. Shida ilikuwa wapi?"

Dawa ilikuwa nyepesi hivyo, na hakuna aliyeuliza!

Mguu uliamka. Sasa Nyangwine anatembea kwa fimbo, na maneno machache yamerudi. Mkono haukufunguka. Jioni moja aliuangalia ule mpini aliouacha nusu, umeegemea ukuta.

"Pi... pikia uji," akamwambia mkewe, akiuonyesha kwa kidevu.

Veronika aliuchukua, akaufuta vumbi, akauficha chini ya kitanda. Kuni hazikosekani Itiryo.

Funzo

Jibu la kitendawili ni mtu wa kiharusi. Mdomo ukipinda, mkono ukilegea, kauli ikikwama, kimbieni hospitali. Mambo ya nani katupa nini yaacheni. Mkirudi nyumbani, mwacheni mgonjwa ajaribu, amwage, arudie, kama alivyofundishwa na watu wa mazoezi. Mila ina njia ya kupita, ulizaneni. Nusu iliyolala huamshwa mapema. Ukiifungia mlango kwa heshima, itadhani bado ni usiku.