Mpira wa Wifi

Katika duka lile la kushona nguo, meza ya kukatia ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa Pindo. Jina hilo alipewa na wateja, kwa sababu pindo alilolishona yeye halikufumuka hata nguo yenyewe ilipochakaa. Asubuhi alitandaza kitambaa, akachora kwa chaki, akashika mkasi mkubwa. Wifi yake, dada wa mumewe, alikaa kwenye cherehani akashona alichokatiwa. Pindo alipenda mambo yawe hivyo.

Siku moja wifi alianguka ngazini, akaumia bega. Akapelekwa kliniki ya mazoezi ya viungo, ile wengine wanaiita fiziotherapia. Alirudi na mpira mrefu wa kijani. Kila mchana aliufunga kwenye kitasa cha mlango, akauvuta, akauachia. Wateja wakawa hawana habari nyingine.

"Wifi yako anajitahidi, jamani!"

"Naona," alijibu Pindo, roho inamuuma.

Nyumbani nako hakukuwa na nafuu. "Dada yangu sasa ananyanyua mkono kama askari," mumewe alisema wakila. Pindo akaisukuma sahani. Askari! Nani aliwahi kumsifu yeye kwa kunyanyua mkono?

Tena wivu huo ulikuwa na mzizi. Bega la Pindo mwenyewe lilikuwa linauma kitambo. Lilianza polepole, bila kuanguka, bila kugongwa. Hakuweza kulilalia. Kufunga sidiria kulikuwa vita. Lakini aseme, halafu iweje? Wifi asimame kwenye meza ya kukatia? Thubutu!

Basi akakata lastiki, ile ya kiuno cha sketi. Akajifungia katika chumba cha kujaribia nguo, akaivuta kama alivyomwona wifi akivuta. Wifi akivuta kidogo, yeye anavuta zaidi. Wahenga walisema ukiiga tembo... tuyaache, mwisho wake mnaujua.

Kesho yake hakuweza kuifikia chaki kwenye rafu.

"Wifi, una nini?" aliuliza mwenzake.

"Sina kitu."

"Huna kitu na chaki imekushinda? Lete mkasi, mteja anasubiri."

Wifi akakata. Na alikata vizuri! Hilo ndilo lililomkera Pindo kuliko bega lenyewe. Usiku ule akamwambia mumewe kwamba na yeye anakwenda kliniki.

Wifi alipopata habari, alikuja kumpa maneno mawili matatu. "Vaa nguo pana, wifi, isiyobana. Mtaalamu atataka kuliona bega. Na uchukue dawa zote unazotumia nyumbani, hata kama hazihusu bega."

"Ahsante," alisema Pindo. Moyoni alisema mengine. Nguo pana! Anataka nionekane kama nimetoka kufua. Na dawa zangu za kisukari ndizo nikazitandaze huko, anicheke?

Akavaa gauni lake zuri kuliko yote, mikono imembana hadi kwenye viwiko. Dawa akaziacha kabatini.

Kliniki ilikuwa na vitanda, vyuma vya kushikilia na kioo kikubwa. Mzee mmoja alikuwa anajifunza kutembea upya, hatua moja, anapumzika. Mtaalamu alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya chini. Akavuta pazia.

"Maumivu yalianzaje, mama?"

"Nilianguka ngazini," alisema Pindo bila kupepesa macho. "Naomba mpira kama wa wifi yangu. Kama kuna mrefu kuliko wake, nipe huo."

Mtaalamu akatabasamu. "Kwanza tulione bega."

Mkono wa gauni haukupanda. Pindo akauvuta. Prrraa! Mshono ukafumuka mpaka kwapani. Mshono wa Pindo! Alitamani ardhi ipasuke immeze.

Mtaalamu hakucheka. Akamfunika shuka. "Nitakushika hapa na hapa. Ukiumia, sema, nitaacha. Ukitaka kuja na ndugu akae nawe humu, ni haki yako." Akaunyanyua mkono taratibu. Ulifika usawa wa kifua, ukagoma.

"Mama, bega hili silo la kuanguka. Hata nikikunyanyulia mimi haliendi. Unatumia dawa gani?"

"Za kisukari. Lakini sukari iko kwenye damu, bega linaingiaje hapo?"

"Linaingia sana. Watu wenye kisukari hupatwa zaidi na bega la kukaza. Niambie ukweli, umekuwa ukifanya nini?"

Mficha maradhi kifo humuumbua, na Pindo alikuwa ameshaumbuka na gauni. Akasema yote: lastiki, mkasi, meza, wifi. Mwisho akasema, "Nilimwonea wivu, mama. Ninamwonea hata sasa."

"Mwonee tu, ila usimwibie maumivu yake," alisema mtaalamu. "Misuli yake ilikuwa dhaifu, ikahitaji nguvu. Kiungo chako kimekaza kwa ndani, kinahitaji kulegezwa polepole. Ningekuamini, ningekupa tiba ya wifi yako na kukuumiza. Mazoezi ni kama dawa, hayaazimwi."

"Nitapona lini?"

"Sitakudanganya. Bega la namna hii huchukua miezi, pengine hata zaidi ya mwaka. Hapa nakuelekeza, kazi kubwa iko nyumbani. Na daktari wako wa kisukari apate habari. Una meza?"

"Meza?" Pindo alikaribia kulia. "Ninayo."

"Weka mkono juu ya kitambaa laini, ukitelezeshe mbele, urudi. Likivuta kidogo, sawa. Likiuma sana, punguza."

Hakupewa mpira.

Dukani alimkuta wifi kwenye meza, mkasi mkononi. Yale mate aliyoyameza Pindo yalikuwa machungu. "Wifi, nipishe upande huo. Nimeambiwa nifanyie mazoezi mezani."

Wifi akasogeza kitambaa chake. Basi ikawa hivyo: huku mmoja anakata, huku mwingine anatelezesha mkono. Pindo alirudi kliniki kila alipopangiwa, akiwa na blauzi pana na mfuko wa dawa. Kuna siku alikasirika akataka kuacha. Wateja walimuuliza hali, wakamtia moyo. Bega lililegea kidogo kidogo, mpaka asubuhi moja akainua mkono, akachukua chaki rafuni. Wifi akamkabidhi mkasi.

"Shika. Lakini na mimi goti linanisumbua. Nifundishe hayo yako ya mezani."

"Hayaazimwi," alisema Pindo. "Nenda kliniki. Vaa sketi pana, chukua dawa zako, useme maumivu yako mwenyewe. Nitakusindikiza."

Wifi akainamisha kichwa. "Nikwambie kitu? Wateja walivyokuwa wakikuuliza hali kila siku, nilikuonea wivu mpaka nikakosa usingizi."

Pindo akamkodolea macho. Kisha akacheka, akacheka mpaka mabega yote mawili yakatikisika, na hakuna lililouma.