Jani Lisilo na Tundu

Kila Jumamosi asubuhi, nikishamaliza kufagia ua, mama hunipa kikapu na kunituma kwa Mama Concilie kununua lengalenga, mchicha wa kwetu. Shamba lake dogo liko kwenye mteremko juu ya mtaa wetu wa Kamenge, mwendo wa nusu saa kwa miguu. Yeye hanyunyizi dawa yoyote. Hulisha udongo kwa samadi na mabua yaliyooza, na hupanda maharage, mahindi na mboga pamoja, hata asiyejua hudhani ni kichaka. Wadudu nao hupata riziki yao humo, kwa hiyo majani yake huwa na matundu.

Matundu hayo ndiyo yaliyoniponza. Siku moja rafiki yangu Bella alichungulia kikapu changu, akacheka hadi akashika mbavu.

"We Khadidja, kwenu munakula mabaki ya wadudu?"

Wenzake nao walicheka. Niliona haya, nikaapa moyoni kwamba sitachekwa tena.

Jumamosi iliyofuata sikupanda mlima. Niliishia sokoni, kwa mwanamke nisiyemjua, aliyepanga lengalenga pana, zinazong'aa, zisizo na tundu hata moja. Nilinunua mafungu matatu. Kisha nikazurura mpaka muda wa safari ukatimia.

"Leo mboga za Concilie ni nzuri hivi?" mama aliuliza akizichambua. "Umetosha kwake kweli, umezitoa shambani kwake?"

"Ndiyo, mama. Kwake," nikajibu bila kupepesa macho.

Kama kawaida, mashina niliwapa sungura wangu wawili. Mama aliinjika mboga pamoja na ndagala, dagaa wa ziwani. Kabla hazijaiva, nikaenda kuwawekea sungura maji, na hapo nikapiga ukelele uliowatoa majirani ndani. Mmoja alikuwa amelala ubavu, amekufa, povu mdomoni. Wa pili alitetemeka, akanyoosha miguu mbele ya macho yangu, akatulia.

Mama alikuja mbio, mwiko mkononi. Alitazama sungura, akatazama mashina waliyoyaacha.

"Lahaula! Na sisi tungekula!"

Alirudi jikoni, akaibeba sufuria na kuimwaga yote shimoni. Hofu yake iligeuka hasira. "Concilie! Miaka sita namuamini, kumbe anatulisha sumu! Leo Kamenge yote itajua."

Niliogopa hasira hiyo, nikaificha siri yangu.

Mama aliwatia sungura kwenye beseni pamoja na fungu moja lililobaki, akashika njia ya mlimani, mimi nyuma yake. Kila aliyeuliza alijibiwa kwa sauti kubwa. Mama Kelly, mwenye mgahawa na mnunuzi mkubwa wa mboga za Concilie, alishika kichwa.

"Concilie huyuhuyu? Mi sinunui tena kwake. Natuma mutu sokoni sasa hivi!"

Nilitamani ardhi inimeze, lakini nikaendelea kumfuata mama.

Tulimkuta Mama Concilie, mjane anayesomesha watoto wanne kwa mboga hizo, akitandaza nyasi kavu juu ya udongo. Mama aliweka beseni mbele yake.

"Angalia kazi yako!"

Mama Concilie aliwaona sungura, akaziba mdomo kwa mikono. Hakubishana. Alichuma konzi ya majani yenye matundu, akayatia mdomoni mabichi na kutafuna, machozi yakimtiririka.

"Kama ni sumu, nife mbele yenu."

"Apana!" nikapiga kelele. "Si zake! Nilinunua sokoni. Nilidanganya, mama!"

Mama alinitazama kana kwamba hajawahi kuniona. Kisha akapiga magoti, akamshika Mama Concilie mikono. "Dada, nimekuchafulia jina. Nisamehe." Sikuwahi kumwona mama akimpigia mtu magoti. Nililia kwa aibu.

Mama Concilie alimwinua, akalinusa lile fungu. "Hii ni dawa ya nyanya. Wamepuliza jana ao leo, wakavuna bila kungoja." Akanigeukia. "Mutoto wangu, mdudu akila jani akaishi, na we utaishi. Jani ambalo hata mdudu analikimbia, jiulize kwa nini."

"Jina la mutu halirudi peke yake," mama akasema. "Tunashuka. Utalirudisha we mwenyewe."

Nilipita mlango kwa mlango nikikiri uongo wangu. Mwisho tukafika mgahawani, wateja wamejaa wakingoja chakula. Nilisimama katikati yao.

"Mama Concilie hana kosa. Mboga zilizoua sungura nilizinunua sokoni, kwa mwanamke wa pale kwenye kona. Zilikuwa pana, hazina tundu."

Uso wa Mama Kelly ulibadilika. Alikimbilia jikoni akipiga kelele, "Zima moto! Musipakue!" Tulimfuata. Katika sufuria kubwa kuliko ya kwetu, lengalenga zilikuwa zikichemka, na kando yake zilibaki nyingine, pana, zinang'aa. Watu wale wote!

Mama Kelly aliimwaga ile sufuria, akaketi chini akihema. Hakunigombeza.

"Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti," alisema. "Mi ni mutu mzima, na nimedanganywa na macho kama we. Kuanzia leo tujue nani ametulimia, na analimaje, ndipo tule. Na we, Khadidja, ukiulizwa umetosha wapi chakula, sema kweli mara ya kwanza. Ya pili inaweza kukuta watu wamekwisha kula."