Kigoda Kilichosimamishwa

Jumatatu asubuhi vumbi lilikuwa limetanda kwenye jukwaa lote la maonyesho, isipokuwa juu ya kigoda. Mwanafunzi alipitisha kiganja pale pa kukalia. Palikuwa safi, na palikuwa na joto.

Kilikuwa kigoda cha marehemu bibi yake: miguu mitatu, ufa mmoja uliozibwa kwa nta. Babu alikichonga mwaka aliozaliwa shangazi. Mwanafunzi alikileta makumbusho kwa ajili ya shahada yake ya uzamili, iliyohusu historia ya ubunifu wa vyombo vya nyumbani. Ijumaa watahini wangekuja kutazama onyesho na kumhoji. Wakimkatalia, miaka mitatu ya masomo imekwenda na maji.

Mlinzi wa ukumbi alimsogelea.

"Dada, nakuheshimu, lakini ukichoka kuna benchi pale nje. Usikalie vitu vya maonyesho."

"Nani amekikalia?"

"Sijamwona. Nimesikia." Akaiga pumzi ndefu, ya mtu aliyetua mzigo. "Tangu Alhamisi. Nikigeuka, hakuna mtu."

"Umeanza kuzeeka, kaka."

"Mimi? Hebu jiangalie kwenye kioo."

Hakukosea. Tangu Alhamisi ile alipokisimamisha kigoda jukwaani, mwanafunzi alikuwa akilala na kuamka amechoka kuliko alivyolala. Miguu ilimvimba. Akikaa, hasikii nafuu ya kukaa.

Jumatano mchana waliamua kukihamisha. Fomu ya mapokezi, kwa mwandiko wake mwenyewe, ilisema kilo nne. Alishika upande mmoja, mlinzi akashika mwingine, wakavuta, na kigoda hakikutikisika, wakavuta tena mpaka mishipa ya shingo ikawasimama, na jua likiwa bado linawaka madirishani ikawajia harufu ya jasho la mtu aliyetembea siku nyingi bila kuoga, kwanza kwa mbali, kisha karibu, kisha pale pale kati ya nyuso zao, na kitu kikapumua.

Mlinzi aliachia. "Dada," alinong'ona, "huyu hataki kuondoka."

Mwanafunzi alimpigia shangazi simu jioni ile. Shangazi alifika kesho yake kwa basi la kwanza, na kabla ya kukitazama kigoda aliomba kuona kilichoandikwa. Alivaa miwani, akasoma tasnifu polepole, kidole kikifuata mistari.

"'Kililazwa ubavu kila mtu aliponyanyuka,'" alisoma, "'ili kuku wasikichafue.' Kuku? Mama yangu alifuga kuku lini?"

"Nilidhani, shangazi..."

"Ulidhani. Na mimi niko hai, na simu yangu iko hewani."

Mwanafunzi aliinamisha kichwa. Alikuwa amepima kila mguu wa kigoda kile hadi milimita. Kuuliza kwa nini kililazwa hakuuliza.

"Kuna mmoja alikuja na mti uliochongwa kigoda hiki," shangazi alisema kwa sauti ya chini. "Anazunguka, hana pa kukaa. Kigoda kikisimama kitupu, umemkaribisha. Naye anapumzika kwa nguvu za aliyemkaribisha. Ndiyo maana uko hivyo."

Alivua viatu, akapanda jukwaani, akasimama mbele ya kigoda kama mtu anayengoja zamu yake.

"Nipishe," alisema. "Mimi ni mtoto wa mwenye kigoda. Nimetoka safari, nimechoka kuliko wewe."

 Mbao zikalia, ile harufu ikawapita usoni, na vishindo vya nyayo pekupeku, vizito, visivyo na haraka, vikavuka ukumbi mzima mbele ya macho yao, penye mwanga na pasipo na mtu, vikaingia korido ya nyuma, vikapotea. Shangazi alikaa, akahesabu pumzi tatu, akanyanyuka, akakilaza kigoda ubavu kwa mkono mmoja.

 Mwanafunzi aliketi sakafuni, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nzima kukaa kukawa kukaa.

"Kesho kionyeshwe hivyo hivyo," shangazi alisema. "Na wale kuku wako uwafute."

"Nitawafuta."

Shangazi alikuwa akivaa viatu. Akasita, kiatu kimoja mkononi.

"Ile korido inakwenda wapi?"

"Ghalani."

"Kuna nini huko?"

"Viti, shangazi. Mia mbili na kumi na viwili. Vya watu mbalimbali. Jumatatu naanza kuviorodhesha."

"Mmevipangaje?"

Mwanafunzi aligeuka kuitazama korido. Alivipanga mwenyewe, safu kwa safu, vyote vimesimama, vyote vitupu.

Kutoka mwisho wa korido ulisikika mlio wa kiti kikipokea uzito, na pumzi ndefu ya aliyepata pa kupumzika. Kisha, pembeni yake, pumzi ya pili.