Mwache, Njoo Kwangu

Alhamisi hiyo Mama Pasi alifunga kazi saa kumi na mbili kasorobo. Alitundika mashati ya wateja kwenye waya, akachomoa pasi ukutani, akarudi kuigusa tena ahakikishe. Jina hilo alipewa kwa sababu miaka ishirini na miwili alikuwa kwa dobi, akinyoosha nguo za watu huku akizungumza peke yake.

Ila hakuwa peke yake. Marehemu mama yake alimsemesha tangu wiki ya pili baada ya mazishi, na maneno yalikuwa yale yale ya uhai wake. Anza na kola, mwanangu. Hilo shati la nani, mbona kwapa limechanika? Umekula? Ilikuwa sauti isiyo na ubaya wowote. Lakini jaribu kumweleza jirani kwamba mama yako aliyekufa anakukumbusha kunywa maji, uone kama hatawaita watoto wake ndani.

Ndiyo maana alilipenda kundi lake. Walikutana kila Alhamisi jioni katika darasa la chekechea, watoto wakishaondoka. Walikuwa watu wanane wanaosikia sauti, hakuna daktari wala mshauri, wenyewe kwa wenyewe, magoti yamefika kidevuni kwa sababu viti vilikuwa vya watoto wa miaka minne. Aliyewaongoza alikuwa mzee mstaafu wa kupeleka barua, wakamwita Posta. Yeye alikuwa na sauti tatu zisizopatana, akazipangia zamu. Kulikuwa na Kinyozi pia, kijana mcheshi ambaye kocha wake wa zamani alimfokea masikioni kila alipokosea kichwa cha mteja. Mwezi ule mkewe alikuwa amejifungua mapacha, na picha zao zilizunguka mikono yote kabla kikao hakijaanza.

Ukutani, chini ya michoro ya twiga, kulikuwa na kanuni tatu. Hapa hachekwi mtu. Haulizwi mtu kama ni kweli. Na ya tatu, kila mtu aijibu sauti yake, asiijibu ya mwenzake.

"Hii ya tatu ni ya nini?" Mama Pasi aliwahi kuuliza.

"Niliikuta," Posta alimjibu. "Aliyeiandika hakusema, na sasa hayupo."

Jioni hiyo alikuja mgeni. Alikuwa binti mwembamba, unga umemganda kwenye kucha, maana kazi yake ilikuwa kuoka mikate. Zamu yake ilipofika alizungumza akiangalia viatu vyake.

"Yangu inabisha hodi kwanza. Mara tatu. Halafu inauliza."

"Inauliza nini?" Posta akasema taratibu.

"Nyumbani kuna nani."

"Basi?"

"Basi. Inauliza tu... inauliza..."

 Mabega yake yakakakamaa.

"Iko hapa," alinong'ona. "Inauliza sasa hivi."

Mama Pasi alikuwa mzazi, na huruma yake ilikuwa na mbio kuliko akili. Aliushika mkono wa yule binti, ulikuwa wa baridi kama nguo iliyotoka kusuuzwa. Akausemesha upepo ulio kando ya sikio la binti, kwa ukali ule anaoutumia kwa wateja wanaodai mashati kabla hayajakauka.

"Wewe. Mwache mtoto wa watu. Kama una maswali, njoo kwangu."

"Mama Pasi," Posta akasema. "Kanuni."

Binti akainua uso. "Imeondoka," alisema, na hapo ndipo akalia kwa sauti. Alichukua mkoba wake akatoka bila kuaga, wala hakumtazama aliyemsaidia.

Kisha ikaja harufu. Majivu yaliyomwagiwa maji.

Ngo. Ngo. Ngo.

Mama Pasi akageuka kuutazama mlango. Wengine saba hawakugeuka.

Wiki tatu ilibisha, kila magharibi. Ilibisha chini ya meza ya kupigia pasi, ikabisha kwenye kitako cha ndoo, ikabisha ndani ya meno yake. *Nyumbani kuna nani?* Ilikuwa sauti ya mtu mpole, asiye na haraka. Hakuijibu, na kwa aibu ya kuvunja kanuni hakurudi kikaoni. Nyumbani alikuwa na mwanawe mmoja tu, binti aliyefanya kazi maktaba, na hakuona sababu ya kumtaja kwa mtu asiyemjua. Kilichomuumiza zaidi ni mama yake. Tangu Alhamisi ile hakuwa amesema neno. Mama Pasi alinyoosha kola mia na zaidi bila mtu wa kumkosoa, akajua upweke kwa mara ya kwanza tangu azaliwe.

Jumanne ya wiki ya nne, jua likizama, pasi ikitoa mvuke...

*Anza na kola, mwanangu.*

Machozi yalimtoka kwa furaha. "Mama! Ulikuwa wapi?"

*Nipo. Nyumbani kuna nani siku hizi?*

"Yupo mjukuu wako tu. Leo hajaenda kazini, amepumzika."



Halafu ile harufu ya majivu ikapanda kutoka kwenye shati lenyewe. Mama Pasi alisimama pale na pasi mkononi mpaka kitambaa kikaungua kikatoboka.

Alimkuta mwanawe kitandani, homa imempanda. Jumatano wakaenda hospitali. Vipimo vyote vilikuwa safi, daktari akakiri kwamba haoni kitu. Alhamisi asubuhi mwanawe alishindwa kuinua kikombe, akamtazama mama yake mzazi kama anayemtafuta mtu mwingine nyuma yake.

Mama Pasi alikwenda moja kwa moja kwenye tanuri la mikate alikofanya kazi yule mgeni wa kikaoni. Mwoka mikate alimwona mlangoni, akafuta mikono, akamvutia uani.

"Umejibu," alisema kabla ya salamu. "Umemtaja nani?"

"Mwanangu. Juzi."

"Mimi nilimtaja baba. Alichukua siku nne, akafa." Alizungumza chini chini. "Kabla yangu ilikuwa kwa mama mmoja jirani yetu. Alilia mbele yangu nikamhurumia, nikasema maneno yale yale uliyosema wewe."

"Kwa nini hukutuambia kuhusu baba yako?"

"Ningewaambia, ungesema njoo kwangu?"

Mama Pasi akamuuliza itafukuzwaje.

"Haifukuziki, mama. Inaondoka ikikaribishwa tu. Ikiondoka kabla ya siku ya nne, labda mgonjwa anapona. Mimi nilichelewa kujua. Nisamehe."

Siku ya nne ilikuwa kesho.

Jioni alikwenda kwenye kikao. Njiani alijiambia anakwenda kuomba ushauri, na alijua anajidanganya. Alikaa kwenye kiti kidogo karibu na Kinyozi. Alipopewa nafasi alieleza jinsi inavyobisha, jinsi inavyouliza, jinsi alivyokosa usingizi wiki tatu na ushei. Alieleza yote vizuri. Akaruka kipande kimoja.

"Iko hapa," alinong'ona, na haikuwa uongo. Ngo. Ngo. Ngo.

Posta alikuwa akimtazama sana. "Tutulie," alisema. "Tukumbuke ukutani pameandikwa nini."

Lakini Kinyozi alikuwa ameshageuka, macho yamemlenga. Mama Pasi ndiye aliyemfundisha kumwambia kocha asubiri nje mpaka duka lifungwe. Alimpenda kama mama yake. Midomo yake ikafunguka, na Mama Pasi akaona kabisa kinachokuja. Nafasi ilikuwepo. Neno moja tu lilitosha, au kumziba mdomo. Mkono wake uliinuka kutoka mapajani, ukafika kifuani.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mkono ukarudi mapajani.

"Mwache mama yetu," Kinyozi akasema. "Njoo kwangu."

Harufu ikakatika, kama mtu amefunga dirisha. Dakika mbili baadaye simu ya Mama Pasi ikaita, na sauti iliyochoka ikauliza, "Mama, nimeamka. Kuna chakula?"

Kinyozi alikuwa akitabasamu, ila kichwa amekiinamisha kidogo, ameelekea mlangoni.

Akirudi nyumbani, mama yake alimrudia. Safari hii hapakuwa na majivu.

*Mwambie.*

"Kesho, mama."

*Mwambie asijibu.*

"Kesho. Mtoto apate nguvu kwanza."

Kesho yake hakwenda. Aliogopa kwamba akiitaja tu, itamsikia na kurudi. Jumamosi aliogopa vile vile, na Jumapili akamtazama mwanawe akila sahani mbili, akashindwa kuinuka. Jumatatu alasiri ndipo alipofika. Duka la kinyozi lilikuwa limefungwa mchana kweupe. Taulo tatu zilikuwa kambani, zimekauka zikawa ngumu.

"Hajafungua tangu Ijumaa," alisema muuza vocha wa jirani. "Ana wagonjwa."

"Wagonjwa? Nyumbani kwake kuna nani?"

Alilisikia swali likiwa limeshatoka kinywani mwake. Muuza vocha akafungua mdomo amjibu, na ule mkono uliogoma Alhamisi ukaruka wenyewe, ukamziba.

"Usiseme," Mama Pasi alinong'ona. "Tafadhali. Usimtaje mtu."

Yule kijana alijinasua akarudi nyuma, akamtazama kwa yale macho ambayo majirani walizoea kumtazama nayo. Mama Pasi alisubiri mama yake aseme chochote, hata habari za kola. Mama yake hakusema kitu.