Mama mupya ndani ya machine

Ile carte mère, ubao mukubwa wa ndani ya laptop, ilikuwa kavu kabisa, lakini ilinuka ziwa. Wilfried aliisugua na alcool mara tatu, akainusa tena: matope, samaki mubichi, na utamu fulani kama maziwa kwenye nguo ya mutoto muchanga.

Muuzaji alimuambia bila haya: "Ilikuwa ya mama mwalimu wa Moba. Boti ilizama mbele ya Zongwe. Machine ilionekana, mwenyewe hapana. Unataka ao hautaki?"

Alitaka. Licencié en informatique, grande distinction, miaka tano bila kazi: muntu kama huyo hachagui. Studio moja ya Kinshasa ilimupa essai, kazi ya kumupima, ya kuchora nyumba en 3D, na laptop yake ya zamani ilikufa kila mara picha inapoanza kupendeza. Carte graphique ya inje, ile ya kuendesha picha, alikuwa nayo, nzito kama tofali, lakini carte mère yake haikuwa na tundu la kuiunganisha. Hii ya Zongwe ilikuwa nalo. Voilà. Inchi inakupa diplôme, halafu inakutuma kuokota vitu vya maiti.

Saa tano ya muchana alifungua laptop mezani, akang'oa carte ya zamani, akaitoa puces zake, vile vipande vidogo, na moto papo hapo, maana zingefaa kwingine. Éliane, bibi yake, alikuwa anajitayarisha kwenda soko. Binti yao wa miaka ine, Syntiche, alicheza chini ya meza.

"Papa Syntiche, unaharibu nini tena?"

"Ninabadilisha mama," Wilfried akacheka. Kwa mafundi wa Kalemie, carte mère ni mama tu. Akaipandisha ile mupya, akanyoosha mukono kama bourgmestre anayefungisha ndoa: "Mama wa zamani, tumekutoa. Mama mupya, karibu. Hapa njo kwako. Na mutoto wako njo huyu!" Akachomeka carte graphique.

"Uko na kichwa mubaya, weye," Éliane akasema, akatoka na kitunga chake.

Laptop iliwaka mara moja. Picha zilipita kama maji. Ventilateur tu, feni ya kupoza machine, ndiyo iliyomusumbua: ilizunguka kama muntu anayepumua, ikasimama, ikapumua tena, halafu ikaanza kuimba chini-chini, wimbo wa kulaza mutoto, na Syntiche akatoka chini ya meza, akaweka shavu lake juu ya vibonyezo vya clavier yenye moto, akafunga macho.

"Ndiyo, mama," akasema.

"Mama yako iko soko, chérie."

"Hapana. Iko hapa."

Saa saba, Éliane alirudi. Hakuingia. Alisimama kwenye mulango na kitunga kichwani.

"Hodi. Munisamehe, papa. Hapa njo kwa nani?"

"Wacha mchezo, Mama Syntiche."

Éliane aligeuka nyuma kutazama ni nani anaitwa hivyo. Jua lilikuwa katikati ya mbingu, jirani walikuwa wanasonga bukari, redio ya muntu iliimba ndombolo, na Wilfried aliinuka kwenye kiti, maana bibi yake, miaka sita ya ndoa, alikuwa anamutazama kwa adabu ya mugeni aliyepotea njia, na nyuma yake mezani ventilateur ilikuwa imenyamaza kabisa, kama muntu anayejificha asisikike.

Alikimbia kumuita Mama Générose wa kikundi cha maombi. Mama huyo alinusa tu hewa ya nyumba, akashika rozari yake.

"Uliiweka na maneno gani? Neno kwa neno."

Wilfried akarudilia yote, mupaka habari ya boti ya Zongwe.

"Imbécile! Université yote ile ni ya kufukuza bibi yako?"

"Mama, nilikuwa naongea na machine..."

"Ule mwalimu wa boti, kila muntu anajua, alizama akitafuta mutoto wake. Weye umemupa kiti. Mama wa zamani, ule uliyemutoa ndani ya machine, iko wapi, tumurudishe?"

"Nimekwisha kumuvunja vipande."

Mama Générose akamutazama Éliane pale mulangoni. "Basi muite bibi yako kwa jina la batizo. Lile tu haukulitoa; la mama umekwisha kulitoa."

Wilfried aling'oa ile carte. Mama Générose akaimwagia maji ya baraka, akaifunga ndani ya kitambaa. Kisha Wilfried akasimama mbele ya mulango.

"Éliane," akasema. "Éliane Kalenga."

Harufu ya ziwa ilitoka kama muntu aliyesukumwa. Éliane akashituka, kitunga kikaanguka, nyanya zikatawanyika.

"Wilfried? Sababu gani ninasimama inje kwangu?"

Alimukumbatia, akalia bila haya. Éliane akaingia mbio, akapiga magoti, akafungua mikono: "Syntiche, kuya kwa mama."

Mutoto hakusogea. Alikuwa ameshikilia pembe ya meza, mbele ya laptop tupu, kichwa kimeinama upande, kama anayesikiliza muntu wa karibu.

"Papa," akanong'ona, "mama anauliza: huyu mwanamuke ataenda saa ngapi?"