Mwethya wa Vitabu Ulivyoniponza

Mwalimu Mbuvi alikuwa anasoma insha yangu ya mtihani mbele ya darasa. Akafika pale nilipomzika mume wa mkunga wa kitabuni... akaweka karatasi mezani.

Akavua miwani.

"Mutindi, huyu mume uliyemzika ndiye anayesimulia sura ya mwisho. Ulimzika akiongea?"

Darasa likacheka. Mimi nikageuka kumtafuta Ndinda, rafiki yangu tangu darasa la kwanza, yule aliyeniandikia huo msiba kwa mkono wake.

Alikuwa anachonga penseli!

Wacha niwaeleze, ndio mnihukumu vizuri.

Ilikuwa 1986, Mbumbuni. Tulikuwa tumemaliza Form Four. Mwalimu Mbuvi, mzee mstaafu, alitufundisha kwenye ukumbi wa kanisa jinsi watu wanavyosoma chuoni: unamaliza kitabu kizima, unaandika muhtasari kwa maneno yako, unatetea hoja yako kwa insha.

Miezi mitatu, vitabu vitatu vinene vya Kiingereza, kila kimoja nakala moja. Mwisho, mtihani. Atakayeongoza ataandikiwa barua ya kuingia chuo cha ualimu. Mmoja tu!

Ile barua niliitaka kuliko chakula. Bila hiyo ningerudi shambani kupalilia ndengu.

Sasa sisi Wakamba tunajua kazi nzito si ya mtu mmoja. Ukitaka kuchimba matuta ya kuzuia maji ya mvua shambani unaita mwethya, majirani wanakuja na majembe, kesho mnaenda kwa mwingine. Basi mimi na ujanja wangu nikasema tufanye mwethya wa vitabu. Kiilu, mwenzetu wa darasani, asome cha reli, mimi cha njaa, Ndinda cha mkunga. Kila mtu awaandikie wenzake muhtasari.

Kiilu akaniona nina akili. Ndinda akauliza kama hiyo itafaa kweli, nikamwambia aache woga.

Mimi nilimaliza kwanza. Ndinda alileta daftari lake wiki mbili baadaye, na lilikuwa limeandikwa vizuri ajabu. Mume wa mkunga anaugua, anakufa, anazikwa kwenye mvua. Jamani, nililia machozi ya kweli!

Kumbe...

Siku ile darasani, insha ya Ndinda ilisomwa mwisho. Ndani yake mume yuko hai, mzima kabisa. Alijua! Barua ikawa yake. Kiilu naye alikuwa amezika, kwa hivyo tukabaki wafiwa wawili tunaangaliana.

Nilimngoja nje ya ukumbi kwa hasira.

"Ndinda, nilikukosea nini?"

Hakupandisha sauti.

"Sura ya saba."



Wasomaji wangu, kuna kitu niliwaficha. Kile kitabu changu cha njaa, sura ya saba ndiyo roho yake. Hapo ndipo mwandishi anaeleza kwa nini watu walikufa njaa na maghala yamejaa. Nilipowaandikia wenzangu, hiyo sura niliiruka. Makusudi. Barua ilikuwa moja.

"Uliporudisha kitabu kwa Mwalimu nilikichukua," Ndinda akasema. "Ulikuwa umekisifu, nikataka tu kukisoma. Nikaona umetutolea sura nzima. Nikasoma na cha Kiilu, maana sikuamini mtu tena. Ndio nikakuandikia hayo matanga."

"Na Kiilu? Yeye alikosa wapi?"

Hapo aliangalia chini.

"Daftari mlikuwa mnasoma moja. Kiilu nilimkosea."

Mimi hakuniomba msamaha. Na mimi sikumwomba. Tulienda nyumbani kwa njia mbili tofauti, sisi tuliozoea kwenda kwa moja.

Sitawadanganya, bado inaniuma. Rafiki wa miaka kumi na moja angenikabili tu uso kwa uso, tutukanane, yaishe. Badala yake alikaa chini, siku nzima, akaniandikia uongo kwa mwandiko mzuri.

Lakini ukweli nao lazima niuseme. Darasa zima, aliyeingia kwenye mtihani akiwa amesoma vitabu vyote ni yeye peke yake. Barua hakuiiba.

Jirani anaweza kukuchimbia tuta na maji yakasimama. Kusomewa kitabu, hapana. Na wewe unayemfichia mwenzako ukurasa, endelea, lakini kumbuka yeye pia ana kalamu.